Nguzo Matopeni

Adérito ameniletea wimbo wa mistari sabini na miwili:
kodiani tatu, gitaa nne, besi ya nyuzi na besi ya kinanda,
shangazi zake sita waliorekodiwa jikoni, Delfshaven,
sufuria zikilia nyuma yao,
na kile chuma kinachokwaruzwa kwa kisu cha mezani
tangu mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi.
"Wieteke," anauliza, "ngoma ya mguu imekwenda wapi?"

Ipo. Naiona kwenye skrini,
vilima vyeusi vinne kila kipimo.
Jicho lakiri, sikio lakana.

Basi nikafanya kosa la siku ya kwanza,
mimi, mwaka wangu wa kumi na tisa:
nikaipandisha. Desibeli mbili. Nne.
Taa ikawa nyekundu, kodiani zikanywea,
na ngoma ikivuma sana, mwajua mwisho wake.
Nikairudisha ilipokuwa, nikachemsha kahawa.

Kwenye hezi sitini niliwakuta mafahali wawili, zizi moja:
ngoma na besi, pembe kwa pembe,
kila mmoja akila sauti ya mwenziwe.
Sikumchinja yeyote. Besi nilimfundisha adabu:
ngoma akiingia, inama,
sehemu ya kumi ya sekunde, mtu asijue umeinama;
akipita, simama.

Gitaa nikazikata miguu. Hazikuwa zikiitembelea.
Kodiani nikazipunguza kifua, pale hezi mia tatu,
ule uzito wa uji unaoanza kushika ukoko.
Hata sufuria za shangazi zilikuwa na mvumo chini, nani angedhani;
nikazifagia.
Kila moja, ukiisikiliza peke yake, imekonda, inatia huruma.
Usiisikilize peke yake.

Jumamosi baba akaja kurudisha ngazi.
Teunis, miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya kupigilia nguzo,
maana mji huu umekaa juu ya matope
na nyumba zake zina miguu mirefu usiyoiona,
inayoshuka mita kumi na nane kuutafuta mchanga.
Masikio aliyaacha huko. Enzi zake kinga ilikuwa pamba.
Hakuuliza nafanya nini. Aliweka kiganja juu ya spika
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Inazama bado," akasema.
Nini?
"Nguzo ikifika mchangani hukataa. Pa! Basi.
Hii yako inaendelea kwenda."
Akaegemeza ngazi ukutani, akaenda zake.

Nikautazama mkia wa ngoma: mrefu, mvivu,
unaburuzwa hadi kwenye kisigino cha pigo linalofuata.
Nikaukata.
Ikakataa.

Palibaki kitu kimoja, ule mguso wa juu,
mchi unapoigusa ngozi kabla tumbo halijajibu,
hezi elfu nne. Bila huo,
kwenye simu ya mtoto ndani ya tramu
hakuna ngoma, kuna ahadi ya ngoma.
Nikaongeza kidogo, unene wa ukucha.

Cheti cha daktari wa masikio nakijua,
kimebanwa kwenye friji ya baba kwa sumaku ya ng'ombe:
mstari unakwenda sawa, sawa, sawa,
kisha kwenye elfu nne unaanguka
kama mtu aliyekosa kipandio.
Hapo hapo nilipoongeza.

Adérito kajibu saa saba usiku:
ngoma safi, inasimama yenyewe, asante,
ila shangazi wanauliza
sufuria zao zimekwenda wapi.